Mshenga wa Meza ya Kompyuta

Wanaonijua wanajua nina hasira za karibu, kwa hiyo sitajifanya mpole hapa kwa sababu tu naandika. Kuna mzee mmoja wa hapa Kibiti ambaye nikimwona anakuja upande wangu wa barabara, navuka kwenda upande wa pili hata kama basi la Lindi linakuja kwa kasi. Salamu yake siitaki. Nikisema nieleze sababu, lazima nianze na meza ya kompyuta, na najua mtacheka, maana kila niliyemweleza alicheka kwanza.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya umma. Kazi ya mkataba, miezi mitatu mitatu. Mkataba ukiisha unakaa nyumbani unaangalia simu. Ukiitwa unarudi, usipoitwa basi. Miaka sita niliishi hivyo. Nilichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja, barua ya ajira ya kudumu, kwa sababu nilikuwa na Baba nyumbani. Baba ni mtu wa Mbwera, huko visiwani kwenye delta. Alilima mpunga maisha yake yote mpaka maji ya chumvi yalipopanda yakaua shamba, na miguu yake nayo ikaanza kuvimba. Nikaenda kumchukua, tukapanda boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti, akawa anakaa kwangu. Mume sikuwa naye tena. Hiyo ni habari nyingine, haina faida.

Sasa hiyo meza. Walinipa chumba cha mwisho, karibu na choo, ambacho kila mwenye cheo alikuwa amekikataa. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja hadi kwenye kioo cha kompyuta, huoni unachoandika. Feni ya juu ilikuwa na spidi moja tu, ya kupeperusha karatasi. Vumbi la barabarani lilikuwa letu sote. Lakini balaa kubwa lilikuwa shomoro. Juu ya meza yangu ubao wa dari ulikuwa umeng'oka, wakajenga humo, wakazaana humo, na wakitaka haja hawakuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwenye kibodi yangu. Herufi ya A ilikuwa haibonyezeki mpaka uitukane. Niliomba ubao wa dari. Barua nikaitunga mwenyewe, nikaipiga chapa mwenyewe, nikaipeleka masjala mwenyewe. Nasubiri jibu mpaka leo.

Siku moja shomoro walichafua barua ya mkuu wetu wa idara ikiwa imeshatoka kwenye printa, imekamilika, inasubiri sahihi tu. Nikasimama katikati ya chumba nikiwa na kiatu mkononi, nikapiga kelele peke yangu. Halafu nikajiuliza, hivi mimi si mtoto wa dunguni?

Kwa asiyejua: kwetu mpunga ukianza kuchanua, watu wanahamia shambani, kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti kwa sababu chini ni maji na nguruwe. Kazi ya mtoto ni kuamia ndege, yaani kukaa juu kutwa kuwafukuza. Kamba zinatoka dunguni kwenda pande zote za shamba, na zimefungwa makopo yenye vijiwe. Ndege wakitua upande huu, unavuta kamba ya upande huu, makopo yanalia, wanaruka. Marehemu mama yangu alikuwa anaweza kunyonyesha, kusuka ukili wa mkeka na kuvuta kamba kwa mguu, vyote kwa wakati mmoja, na huku anamsema jirani.

Kesho yake nikaja ofisini na makopo mawili ya maziwa, kamba ya katani na gurudumu la uzi wa cherehani. Makopo nikayatundika pale juu kwenye tundu la dari. Kamba nikaishusha ukutani, nikaipitisha kwenye lile gurudumu nililolipigilia kwenye mguu wa meza, mwisho wake nikaufunga kwenye dole gumba la mguu wangu wa kulia. Mikono inaandika, shomoro akitua navuta mguu, makopo yanalia, amekwenda. Sikupoteza hata sentensi moja. Siku ya kwanza watu wa idara nzima walikuja mlangoni kutazama. Mmoja akaniuliza kama mpunga unavunwa lini.

Basi nikanogewa. Kawa, lile la ukindu la kufunikia chakula, nikalikata likae vizuri juu ya kibodi nikiondoka mezani, vumbi na mijusi visiingie. "Leo kompyuta imepika nini?" wakawa wananiuliza. Nawajibu, imepika barua yako ya kufukuzwa. Kikombe changu cha chai nikakitundika pembeni mwa meza kwenye kifuu kinachoning'inia kwa nyuzi tatu, ukikigonga kinabembea tu, chai haimwagiki. Kwa mausi nikasuka kijamvi chenye ukingo, maana meza ilikuwa imeinama na mausi ilikuwa inateremka yenyewe kama ina safari zake. Karatasi nilizokuwa nanakili nikazifunga chubwi, vile vipande vya risasi vya kwenye mshipi wa kuvulia, vitatu kwenye uzi mmoja, ukiuweka juu ya ukurasa feni inapuliza mpaka ichoke. Viganja nikavishonea kimto cha sufi. Na kwenye kioo nikaweka kipepeo cha kupepelea moto, kwenye kijiti kinachozunguka, jua likihama nakisogeza kidogo, kivuli kinahama nalo.

Vilikuwa vitu vya kuchekesha, sikatai. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka. Lakini nilikuwa napiga chapa kurasa nyingi kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile, bila kosa, na hilo halikuwachekesha.

Kisha likaja tangazo. Kuna watu wa mradi fulani kutoka Dar es Salaam watapita, wanatafuta vifaa vya kurahisisha kazi za ofisini vilivyobuniwa na wafanyakazi wenyewe kwa vitu vya kienyeji. Atakayechaguliwa atapelekwa Dar miezi tisa kwenye karakana, afundishwe kuvitengeneza vizuri zaidi, na akirudi anapewa ajira ya kudumu ya kuwafundisha wengine. Hata mwenye mkataba anaruhusiwa. Hilo la mwisho nililisoma mara nne, na ni mimi niliyelipiga chapa.

Nikaenda nyumbani mbio. Baba alikuwa barazani kwenye kitanda chake cha kamba. Nikamweleza yote, nikimaliza sentensi moja nimeshaanza nyingine. Ananiita mama, kwa sababu nimechukua jina la mama yake.

"Mama," akasema, "hili ni jambo kubwa. Nani atakusemea?"

Nikamwambia nitajisemea mwenyewe.

Akanitazama kana kwamba nimesema nitatoka nje bila nguo. "Ujisemee? Usimame mbele ya wageni uanze, mimi hivi, mimi vile? Ndivyo nilivyokulea? Mama, chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Msije mkamwona Baba mjinga. Kwetu ndivyo ilivyo. Binti akiposwa hatoki ukumbini kutaja sifa zake. Kijana anayeoa naye hajiendei. Mtu akitaka shamba la kuazima, akitaka kuomba radhi, akitaka hata kurudishiwa mke aliyekimbilia kwao, anatafuta mtu mzima mwenye ulimi mzuri, huyo ndiye anayebeba maneno. Mwenye jambo anakaa nyuma, kimya, na ukimya wake ndio heshima yake. Nimeyaona hayo tangu nina akili, na yalikuwa yanafanya kazi. Tatizo ni kwamba kwenye posa hakuna mshenga anayerudi nyumbani kwake na bibi harusi.

Baba akamchagua mzee wa masjala. Alikuwa mtu wa upande wa Chumbi, mtu wa swala tano, karani mkongwe aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, na sauti yake ikianza "Bismillahi" hata wanaogombana wananyamaza. Baba alikuwa amekutana naye msikitini, wakapendana. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo Baba akatuma kikapu cha mchele mpya alioletewa na ndugu zake kutoka Mbwera, mchele wenye harufu ile inayojaza nyumba ukiwa bado haujaiva. Mimi ndiye niliyeubeba. Nikapiga goti, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mwambie baba asiwe na wasiwasi, hili limefika." Nikamfundisha jioni tatu mfululizo, kifaa kimoja kimoja, kinaitwaje, kinafanya nini, kwa nini. Alikuwa mwepesi wa kushika maneno. Vitu vyenyewe hakutaka kuvigusa, alisema yeye ni wa maneno tu.

Mtu mmoja tu alinikataza. Kulikuwa na dada wa ofisi ya mipango, Mkristo kutoka bara, mnene, mcheshi, tunakula pamoja mchana. Alipojua akaweka kijiko chini.

"Wewe, umerogwa? Kitu umetengeneza mwenyewe halafu unamtuma babu akakuelezee? Una mdomo mkali kuliko wa mtu yeyote hapa ndani!"

"Mdomo ninao, na adabu pia ninayo," nikamwambia. "Nyie kwenu mnajitangaza wenyewe kama wauza karanga stendi."

"Sawa, sisi wauza karanga. Lakini tukiuza, hela tunashika wenyewe. Mtaka cha mvunguni huinama mwenyewe, dada, hamtumi mtu amwinamie."

Nikanuna. Siku mbili sikula naye. Nilimwona mshamba asiyejua mila za watu, na hilo nalo linaniuma, maana yeye ndiye mtu pekee aliyenitakia heri kwa maneno yasiyo na sukari.

Wageni wakaja siku ya Jumatano, watatu, kijana mmoja mwenye miwani na wanawake wawili, mmoja wao ameshika kishikwambi cha kuandikia. Vifaa vyangu nilivipanga tangu asubuhi kwenye meza ndefu ya ukumbi wa mikutano, na kompyuta yangu katikati. Baba alikuja na bajaji, kavaa kanzu na koti, mguu umefungwa kitambaa. Mimi na yeye tukakaa nje, kwenye benchi lililo chini ya dirisha la ukumbi. Ndani nilikuwa naweza kusikia kila kitu. Nilikuwa nimevaa baibui mpya. Nilijitanda mpaka kwenye nyusi kama mwali, wallahi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na nane.

Mzee alianza vizuri. Alianza kwa dua, akawakaribisha Kibiti, akasema habari za dungu na kamba mpaka mimi mwenyewe niliyezaliwa huko nikatamani kurudi. "Mwanetu mmoja wa ofisi hii," akasema, "ameketi, akafikiri." Nikamgusa Baba kwa kiwiko. Baba akatabasamu, akatikisa kichwa kama anayesikiliza kisomo.

Wageni wakacheka kwenye kifuu. Wakapiga makofi kwenye kipepeo. Kijana mwenye miwani akasema hajawahi kuona fikra kama hii, na akasema, "Mzee, wewe ni hazina." Mzee akacheka kidogo. Kutoka hapo maneno yakaanza kuhama. Kwanza "mwanetu" akawa "sisi". "Sisi tuliona tatizo la vumbi." Kisha, "Tukasema, kwa nini tusitumie kawa?" Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa bado anatabasamu. Mshenga kusema "sisi" ni kawaida. Akija kuposa anasema sisi tumekuja kuomba, sisi tumependa ua.

Halafu yule mwanamke mwenye kishikwambi akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, "Kwa hiyo mbunifu ni nani hasa? Niandike jina."

Nakumbuka mtu alikohoa. Nikainuka. Nilikuwa nimeshainuka kabisa, mguu mmoja uko kwenye ngazi, na mdomo huu wangu ambao unajulikana mji mzima ulikuwa umefunguka. Baba akanishika baibui.

"Tulia, mama," akanong'ona. "Mshenga hakatizwi."

Nikakaa. Hapo ndipo ninapojilaumu mimi, si mzee wala Baba. Nilikaa. Ndani nikamsikia mzee wa masjala akitaja jina, majina matatu, na yote yalikuwa yake.

Alipotoka alikuwa anafuta jasho. Akamshika Baba mkono wa kuume, akasema, "Mzee mwenzangu, limekwenda vizuri." Baba akasema alhamdulillahi. Mimi hakunitazama.

Asubuhi yake nilimfuata masjala. Sikumwamkia. Nilimkuta anapanga majalada, nikafunga mlango.

"Jina lile ulilolitaja jana lilikuwa la nani?"

"Mwanangu, punguza sauti."

"Sipunguzi! Lilikuwa la nani?"

Akakaa. Akanieleza kwa upole, upole ule ule uliomfanya Baba ampende. Walimkazia, akasema. Wamemwona yeye, wamempenda yeye, angesema vinginevyo wangeona wamedanganywa, jambo zima lingeharibika. Kisha akaona hayo hayanitoshi, akabadilisha. "Na wewe fikiri kwa akili. Mwanamke, peke yako, Dar es Salaam miezi tisa. Baba yako nani atampikia? Nani atamfunga ule mguu? Mimi nimekuondolea mtihani." Halafu akaongeza lile ambalo naamini ndilo lilikuwa la kweli, na alilisema akiangalia chini. "Mimi mwakani wananitoa. Nikienda huko, nikirudi nina kazi. Nina nini kingine, mwanangu? Nitarudi Chumbi kulima na mgongo huu?"

"Na mimi nina nini?"

"Wewe bado kijana."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia ule mchele aliokula umgeuke tumboni. Nikasema nakwenda kwa mkuu wa idara sasa hivi. Akaniacha nifike mlangoni, ndipo akasema, "Nenda. Lakini utaanzia wapi kumweleza baba yako kwamba mtu aliyemchagua yeye ni mwizi?"

Loh! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikwenda kwa mkuu, ndiyo, msidhani sikwenda. Nikamwambia idara nzima iliviona mezani kwangu. Akanisikiliza akiwa anasaini karatasi. Akasema orodha imeshaondoka, na mbele ya wageni mimi sikuwapo, aliyekuwapo ni mzee, na kila mtu alimsikia. "Kama ni vyako, kwa nini hukusimama?" Ungemweleza nini mtu kama yule? Kwamba nilikuwa nje nimejitanda, nangoja kuozwa?

Juma la pili likaja jibu kwamba mzee amechaguliwa. Mkuu akataka maelezo ya vifaa yaandikwe kirefu, yapelekwe Dar kabla ya mwenyewe kwenda. Mzee hawezi kutumia kompyuta. Nani atapiga chapa? Niliandika kurasa kumi na moja. Kila penye kuandika "mbunifu" niliandika jina lake. Mkono wangu ulikuwa kwenye kile kimto cha sufi, na dole gumba limefungwa kamba. Vifaa vyenyewe vilichukuliwa siku iliyofuata, vikafungwa kwenye boksi la printa. Shomoro wakarudi siku hiyo hiyo.

Mkataba wangu ulipoisha sikuitwa tena. Sasa napiga chapa kwenye steshenari karibu na stendi: barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, risala. Yule dada wa mipango anakuja kutoa nakala na kunisalimia. Hajawahi kusema nilikwambia. Bora angesema.

Na Baba? Baba alikuwa na furaha kuliko alivyokuwa tangu atoke Mbwera. Kwa hesabu yake kila kitu kilikwenda kama kinavyokwenda, na jina alilolisikia dirishani lilikuwa la mshenga tu, kama kwenye posa. Mshenga amesema, amekubaliwa, ametangulia Dar kuweka mambo sawa, na bibi harusi atafuata siku ikipangwa. Alimweleza imamu. Aliwaeleza majirani, mpaka muuza maji. Aliniagiza ninunue sanduku. Kila Ijumaa akirudi kuswali alikuwa ananiuliza, "Bado hawajakuita?" Namjibu bado. "Mambo ya serikali yana taratibu zake," ananituliza, mimi! Mara ngapi nilisema leo namwambia. Nilikuwa nakaa naye, namfungua kile kitambaa, naosha mguu uliovimba kama kinu, neno limefika hapa kooni, naye anaanza kunieleza jinsi atakavyojipikia uji nikiwa Dar, kwamba nisimwonee huruma, kwamba alijipikia dunguni miaka mingi. Nikawa nameza. Shubiri ina utamu kuliko nilichokuwa nakimeza.

Mwezi wa tatu wa mzee kule Dar, siku ya Jumapili mchana, simu yangu ikalia tukiwa barazani na Baba. Namba siijui. Nikapokea.

"Mwanangu," sauti ile. "Usikate. Nakuomba usikate."

Baba alikuwa kanitumbulia macho. Anasikia vizuri Baba, miguu tu ndiyo mibovu. "Nani?" akauliza. Nikasema, bila kupenda, "Mzee wa masjala." Uso wake ukawaka. Akajiinua kwenye kitanda, akaketi.

"Shikamoo," nikasema kwenye simu.

"Marahaba. Mwanangu, nimeadhirika. Wametuambia kila mtu aonyeshe kifaa chake mbele ya wakubwa. Ile kamba ya mguuni. Nimeifunga, nimeandika kidogo, wakaniita mbele, nikainuka. Nimeanguka, mwanangu. Nimeanguka na meza, makopo yamenifuata kichwani. Kesho kutwa wanataka nirudie. Wewe unafungaje hata ukiinuka isikuangushe?"

Nilisikia raha, sidanganyi. Nilimwona vizuri yuko chini na koti lake. Na nilijua pia kwamba nina njia ya kumwangusha mara ya pili, mbele ya watu hao hao, kwa neno moja la uongo. Fundo lenyewe ni la dunguni, linashika ukilivuta mbele na linafunguka lenyewe ukiinua mguu, kwa sababu nguruwe akija usiku mtu hana muda wa kufungua kamba. Mwisho wa kamba unarudishwa chini ya kidole mara moja. Ukirudishwa mara mbili, hatoki mtu. Ningesema mara mbili.

Lakini Baba alikuwa ameshasikia "unafungaje", na alikuwa amenyoosha mguu wake mbovu hewani, ananionyesha kwa vidole, mara moja, mama, mwambie mara moja tu, kutokea ndani, huku anacheka kwa furaha ya kuulizwa.

Nikamwelekeza. Hatua kwa hatua, taratibu, kama nilivyomwelekeza zile jioni tatu. Akarudia, nikamsahihisha. Akasema, "Mungu akulipe." Nikawa natafuta kitufe cha kukata.

"Subiri, usikate!" Baba akasema. "Mwambie namshukuru sana. Mwambie jamaa zetu wote Mbwera wanamwombea dua."

"Baba anakushukuru sana," nikasema. "Wote Mbwera wanakuombea dua."



"Na siku?" Baba akanivuta mkono. "Muulize siku. Wamepanga lini?"

Sikuuliza. Nilikuwa bado nimeshika simu sikioni, na mzee alikuwa amesikia swali, maana Baba hana sauti ya kunong'ona. Alikata yeye.

"Amesemaje?" Baba akauliza.

Nikamwambia amesema nianze kufunga sanduku.